Mkono wa Bi Funua

Mimi sijui kuzungusha maneno, kwa hiyo nitasema mapema: wifi yangu nilikuwa simpendi. Sikumchukia, maana chuki inataka muda, na mimi nina meza ya nguo za mitumba inayonisubiri sokoni kila siku ya Mungu. Simpendi tu, basi. Kuna watu unakutana nao na damu zinagoma, huwezi kueleza.

Mimi nina sababu hata hivyo. Kaka yangu, fundi magari, mtu mpole mpaka anakera, alimleta nyumbani kumtambulisha. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, muuguzi wa wodi ya wazazi. Tulijiandaa kweli kweli. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na kidonda mguuni, tukamkalisha kwenye kiti kizuri na kumfunika shuka jipya ili wageni wasikione. Nikaenda jikoni kuchukua vikombe. Narudi, namkuta bibi harusi mtarajiwa amepiga magoti mbele ya mama, shuka kaliinua, anakitazama kidonda.

“Mama, kinauma?” anauliza.

“Siku hizi hakiumi kabisa mwanangu,” mama akajibu, na sote tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Yeye hakushukuru. Alisema kesho asubuhi mama aende hospitali, na atakuja kumchukua mwenyewe. Ebo! Hata chai hajanywa! Kumbe kidonda kilikuwa kinaoza kwa ndani, ndiyo maana maumivu yamekatika, na daktari alituambia tungechelewa kidogo tu mguu ungekwenda. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu hana jicho la aibu hata kidogo, na siku hiyohiyo nikambandika jina: Bi Funua.

Nilidhani kaka atanuna. Alicheka hadi akajishika mbavu. Jina likavuka geti la hospitali, sijui kwa miguu ya nani, na wagonjwa wakalidaka. Leo ukimtajia mzazi yeyote aliyelazwa pale jina la wifi lililo kwenye cheti chake, atakukodolea macho. Sema Bi Funua, utasikia, “Aah, yule!”

Na mwenyewe analijua. Halimsumbui. Nyumbani kwake ni hivyohivyo: anakagua masikio ya wanawe, anakagua ulimi wa mumewe, mgeni akikohoa mara mbili anasogezewa kiti karibu na dirisha asikilizwe kifua. Wanawe hawajawahi kufanikiwa kujifanya wagonjwa siku ya mtihani, hata mara moja, maskini. Kitu pekee kinachomtimua ndani ya nyumba ile ni mende. Akimwona mende, huyo muuguzi wa watu anapanda juu ya kochi na kumwita mumewe kwa jina la ukoo.

Kazini nimemwona mara nyingi, maana sisi watu wa sokoni hatukosi wa kumpelekea uji wodini. Wauguzi wengine, na siwalaumu, kazi ni nyingi na wao ni wachache, husimama mlangoni na kuuliza kwa pamoja, “Mnaendeleaje akina mama?” Wodi nzima inaitikia, “Vizuri, sista!” Wifi hafanyi hivyo. Anakwenda kitanda kwa kitanda. Anasugua viganja vyake kwanza vipate joto, halafu anamshika mtu paji la uso, anamshika mkono, anainua shuka, anaangalia. Kitanda kinachofuata, vilevile.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hawaamini watu wazima na akili zao. Akanijibu, “Wifi, sisi ukituuliza habari, tunasema nzuri. Mtu nyumba imeungua, ukimuuliza habari atasema nzuri, ila nyumba imeungua. Sasa mimi wodini sina muda wa kusubiri hiyo ila.”

Nilicheka siku ile. Nilidhani ni utani.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Mimi nina mtoto mmoja tu duniani, binti. Baada yake sikupata mwingine, na niliyatafuta matibabu mpaka nikachoka. Kwa hiyo mtu akisema binti yangu, anasema kila kitu nilicho nacho. Alipoolewa na kijana fundi friji nilifurahi, alipopata mimba nilifurahi zaidi, na kuanzia mimba ilipoonekana mpaka siku ya uchungu sikulala usingizi wa kueleweka.

Alijifungua asubuhi, salama kabisa. Mtoto wa kike, ana mapafu ya mchuuzi, alilia nikamsikia nikiwa bado nje kwenye benchi. Niliingia nikambusu mwanangu, nikambusu mjukuu, nikambusu hata mkunga wa watu. Halafu nikakimbia sokoni kufunga meza na kuchemsha uji, nikamwacha binti mikononi mwa mama mkwe wake.

Huyu mama mkwe lazima nimweleze. Ni mwanamke msafi wa kupitiliza. Alifanya kazi ya kufua hotelini tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na mikono yake haijastaafu bado. Kabla hajakaa kwenye kiti anakifuta. Akikusalimia, jicho lake liko kwenye kola yako. Lakini roho yake nzuri, hilo namwapia, na alimpenda binti yangu kama amemzaa.

Nilirudi mchana, jua la utosi, saa ya kuona wagonjwa. Nikapitia nyuma ya wodi, palipo na kamba za kuanikia, nikaona nguo nyeupe zimejaa kamba nzima kutoka nguzo hadi nguzo, zinapepea. Nikasema moyoni, huyo ni mama mkwe, hapana mwingine. Nilipoingia ndani nilimkuta binti yangu amelala kwenye kitanda cha karibu na dirisha, shuka limenyooshwa bila kunjo, hakuna doa popote. Vitanda vya wenzake, jamani, mnajua wodi ya wazazi ilivyo. Cha kwake ungedhani hakijalaliwa.

“Mama, umetupa heshima,” nikamwambia mama mkwe.

“Mtoto wa watu hawezi kulala kwenye uchafu mimi nikiwapo,” akajibu, anakausha mikono kwa pindo la nguo yake. “Sista wa asubuhi alipita mara kadhaa, kila mara ananisifu. Sasa amepumzika, tumwache alale.”

Binti alikuwa amefumba macho. Midomo yake niliiona imepauka, nikajiambia ni uchovu, nani amezaa asubuhi na mchana akawa na midomo myekundu? Nikakaa nikampakata mjukuu. Tukaanza kubishana na mama mkwe kuhusu pua ya mtoto, ya kwao au ya kwetu.

Ndipo wifi akaingia, zamu yake ya mchana inaanza. Alituona tangu mlangoni, akapunga mkono, lakini hakutukimbilia. Alianza na kitanda cha kwanza kama kawaida yake, shuka juu, shuka chini, na mimi nikaanza kuchemka. Mjukuu wa kwanza kwenye ukoo na yeye anakagua watu baki! Alipofika kwetu aliniambia, “Wifi, hongera,” akatabasamu, na hata mtoto hakumtazama. Alikuwa anamtazama binti yangu.

Akasugua viganja. Akamgusa paji la uso, akamshika mkono.

“Hujambo mama?”

“Sijambo,” binti akajibu, macho nusu. “Naomba maji.”

“Amekunywa chupa nzima sasa hivi,” mama mkwe akasema. “Uzazi unakausha mwili.”

Vidole vya wifi vilibaki kwenye mkono wa binti, jicho lake kwenye saa ya ukutani. Akambonyeza ukucha mmoja, akauachia, akautazama kama damu inarudi. Akambonyeza tena. Halafu, mbele ya mama mkwe wa mtu, mbele yangu, na wageni wa vitanda vya jirani wamejaa, akavuta pazia nusu na kuinua shuka.

Uso uliniwaka. Nilifungua mdomo nimwambie neno ambalo angelikumbuka mpaka uzeeni. Mama mkwe aliniwahi.

“Sista, nimembadilisha muda huu huu. Ni mkavu kabisa.”

“Mkavu?” wifi akauliza.

“Mkavu na msafi.”

“Mama, aliyejifungua asubuhi hawi mkavu mchana. Umembadilisha mara ngapi?”

Mama mkwe akababaika. “Kila vikichafuka. Sikuhesabu.”

“Vitambaa viko wapi nivione?”

“Nimeshafua vyote. Damu ikikauka haitoki, inataka maji baridi hapohapo. Viko kwenye kamba.”

Wifi akageuza kichwa akatazama dirishani. Na mimi nikatazama. Kamba nzima, nguzo hadi nguzo, nyeupe tupu. Nilizipita zile nguo kwa miguu yangu nikazisifu, na kumbe ilikuwa damu ya mwanangu imeanikwa pale.

Wifi alikuwa ameshaweka mkono juu ya tumbo la binti, chini ya kitovu. Tumbo la mzazi, alikuja kunieleza baadaye, ukilishika hivyo unatakiwa kukuta mfuko wa uzazi umekaza, mgumu kama ngumi. Wa binti yangu ulikuwa umelegea kama unga uliozidi maji. Akaubonyeza. Damu ikaja. Sitaieleza ile damu. Ilikuja kwa mabonge, halafu ikaja bila mabonge, na lile shuka lililonyooshwa kama la hoteli halikuwa tena na sehemu nyeupe.

Sasa hapo ndipo nilipomwona mtu ambaye sikuwahi kumwona. Yule mwanamke wa sauti ya chini alipaza sauti ikafika jikoni kwa wapishi. “Watu hapa! Mzazi anavuja damu, kitanda cha dirishani!” Na huku anaita, mkono wake mmoja unakanda tumbo, unazunguka, unakanda, haupumziki. Wauguzi wawili wakaja mbio. Hakuwapa nafasi ya kuuliza. “Wewe, dripu mbili, mkono huu na huu, sindano nene. Wewe, dawa ya kukaza mfuko, halafu mpira wa mkojo, kibofu kimejaa kinausukuma. Chukua damu ya kupima kundi. Nani alimzalisha? Kondo la nyuma lilitoka lote?”

“Lilitoka lote, nililikagua mwenyewe,” akajibu mkunga wa asubuhi, aliyekuwa ameshavaa nguo zake za kwenda nyumbani na mkoba begani. Akautupa mkoba chini ya kitanda, akavaa glovu.

“Vizuri. Basi ni mfuko wenyewe umegoma. Nenda ukamlete daktari. Usimpigie simu. Mshike mkono uje naye.”

Hakuna aliyegombana, hakuna aliyegongana na mwenzake. Nimefanya kazi sokoni maisha yangu yote, najua watu watano wakifanya haraka mahali padogo inakuwaje: ni kukanyagana na matusi. Hawa walipishana kwenye kile kitanda chembamba, kila mkono unajua unakokwenda. Pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilikuwa bado naona kwamba ninachokitazama ni kitu kikubwa.

Binti akafumbua macho. “Mama,” akaniita, “mbona mmezima taa?”

Jua la mchana lilikuwa limemwangukia usoni.

Nilitaka kupiga yowe. Wifi alinitazama, na mkono wake hauachi kukanda. “Wifi! Mtoto mweke kifuani kwako, kaa hapo kichwani kwa mwanao umwongeleshe. Usinyamaze hata kidogo. Miaka yote nimeuvumilia huo mdomo wako, leo nauhitaji.”

Basi nikaongea. Haki ya Mungu, niliongea mambo ambayo mtu mwenye akili zake haongei mbele ya mgonjwa. Nilimwambia binti yangu habari za mteja aliyerudisha suruali baada ya kuivaa harusini. Nilimwambia jirani yetu ameng’oa jino bovu na la pembeni limeanza. Nilimwambia pua ya mtoto ni ya kwetu na nitakwenda mahakamani. Akawa anaitikia “mh,” halafu “mh” ikawa ndogo, halafu ikawa midomo tu inayotikisika. Nikaongeza sauti.

Daktari alifika, kijana, koti halijafungwa vifungo. Wifi alimpa habari huku anafanya kazi: amejifungua asubuhi bila shida, mfuko umelegea, dawa ya kwanza na ya pili zimeingia, presha inashuka, kondo lilitoka lote.

“Damu iliyotoka kiasi gani?”

“Haijulikani. Imefuliwa.”

“Imefuliwa?”

“Imefuliwa daktari. Weka kiasi kikubwa.”

Yule kijana hakuuliza tena. Alitazama mara moja kule dirishani alikotazama wifi, akaelewa, na nikaona uso wake umebadilika. Akamgusa binti, akatikisa kichwa. “Hatusubiri dawa ya tatu. Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Mume wake aitwe akatoe damu.”

“Nikiachia anatuponyoka,” wifi akasema.

Sikuwa nimeona alichofanya. Alikuwa ameingiza mkono wake mmoja kwa ndani, ngumi, na mkono wa pili ameukandamiza juu ya tumbo, na katikati ya mikono hiyo miwili ameubana mfuko wa uzazi kwa nguvu zake zote. Ile damu iliyokuwa inakuja, ilikuwa imekatika. Iliyokuwa inaizuia ni mikono miwili ya mtu, basi, hakuna mashine wala dawa.

“Basi usiachie,” daktari akasema.

Akapanda. Namaanisha alipanda juu ya kitanda cha magurudumu, mwanamke mzima na sare yake, akapiga magoti kati ya miguu ya mwanangu, mikono haijaondoka pale ilipo hata kwa ukubwa wa kidole. Wakamfunika binti, daktari akashika upande wa kichwani akasukuma mwenyewe, wauguzi wameinua chupa za dripu juu, na kitanda kikatoka wodini.

Nilikimbia nyuma yao na mtoto kifuani. Ule ujia wa hospitali ni mrefu, una mteremko, halafu kona, halafu njia ya wazi yenye paa la bati kabla ya kufika upasuaji. Saa ya kuona wagonjwa umejaa watu, vyakula, watoto, kelele. Watu walikiona kile kitanda kinakuja na yule mwanamke amepiga magoti juu yake, kichwa ameinamisha, jasho linamdondoka kwenye kidevu, na wote wakajibandika ukutani. Kelele ikakatika kuanzia mbele mpaka nyuma. Mzee mmoja alivua kofia. Msafishaji aliinua ndoo yake na kuikumbatia kifuani ili magurudumu yapite. Nilisikia mtu ananong’ona, “Ni Bi Funua,” na mwingine akasema, “Mungu amsaidie,” na mimi niliyelitunga lile jina kwa kebehi nilipita katikati yao nikiendelea kumwambia mwanangu habari za suruali, nikimwambia yuko hai.

Mlango wa upasuaji ukafunguka, wakaingia hivyohivyo, yeye yuko juu. Ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Mkwe wangu, mume wa binti, alirudi kutoka kutoa damu, ameshika pamba mkononi, akasimama akiukabili ukuta. Halafu mama mkwe akafika. Alikuja polepole, hakukifuta kiti, alikaa chini sakafuni na nguo yake safi. Mikono yake ilikuwa bado imekunjamana kwa maji.

“Nilidhani namsitiri,” akaniambia.

Nilikuwa na maneno, msidhani sikuwa nayo, yalikuwa yamejipanga yote kwenye ulimi. Nikaitazama ile mikono. Ilikuwa imemfulia mwanangu bila kupumzika tangu asubuhi, kwa mapenzi, na kila ilipofua ilikuwa inamficha. Nikaona nikisema, huyu mama hatanyanyuka pale sakafuni. Nikainama nikampa mtoto ampakate. Akalia, mtoto naye akalia, nikawaacha walie.

Ilipita saa, au zaidi, sijui. Mlango ukafunguka, akatoka wifi peke yake.

Aliniona akanyoosha mkono wa kushoto, akamaanisha subiri, nisiulize. “Walifungua tumbo,” akasema. “Daktari alipoushika mfuko kwa mikono yake ndipo akaniambia niachie. Wameuzungushia nyuzi za kuubana, hawakuuondoa. Damu aliyochangia mumewe imeingia, na nyingine. Wanamalizia kushona. Zaidi ya hapo sijui wifi, usiniulize.”

Akakaa kando yangu. Nikaona mkono wake wa kulia. Umejikunja ngumi mapajani, vidole vyeupe, haufunguki. Alijaribu kuufungua kwa mkono mwingine, nao ulikuwa hauna nguvu ya kushika hata shati.

Nikauchukua. Nikauweka kwenye mapaja yangu nikaanza kuukanda, kwenye kiganja kwanza, halafu kwenye mzizi wa kidole kimoja kimoja. Hatukuwahi kushikana mikono mimi na yeye zaidi ya salamu.

“Wewe mwanamke una moyo wa chuma,” nikamwambia. “Mimi nilikuwa nakufa pale. Wewe hata hukutetereka.”

“Nani, mimi?” Alicheka, lakini sauti haikutoka. “Wifi, ukibana namna ile unausikia mshipa wake mkubwa wa damu, uko nyuma kabisa, unakupiga kwenye vidole. Ndio ulikuwa unanishika akili. Unapiga, nabana. Unafifia, nabana zaidi. Tulipofika kwenye kona, ukaacha.”

Mikono yangu ikasimama.

“Uliacha vipi?”

“Sijui uliacha wenyewe au mkono wangu ulikufa ganzi. Sikuwa na njia ya kujua. Siwezi kutoa mkono nikaangalia. Siwezi kumuuliza mtu. Wewe nyuma yangu nakusikia unamwambia habari za suruali, unamwambia yuko hai, na mimi sijui. Nimebana kuanzia ile kona mpaka juu ya meza ya upasuaji, sijui nimemshika mtu au nimeshika maiti ya mtoto wako.” Machozi yalikuwa yanamtiririka hayana kizuizi. “Na nilikuwa nasema moyoni, nikishuka hapa nitamwambia nini wifi.”

Nikaendelea kukanda. Kidole cha shahada kikalegea, kikanyooka. Kikafuata cha kati.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa yule mkunga wa asubuhi, mwenye nguo za kwenda nyumbani zimelowa damu mpaka kwenye viwiko, uso wote unacheka. “Mama! Amezinduka! Presha imepanda, damu imekatika. Anauliza mama yake yuko wapi!”

Mama mkwe alipiga kelele sakafuni. Mimi niliinuka nusu, miguu yangu ilikuwa imeshaondoka kwenda kwa mwanangu, kiumbe wangu wa pekee, aliye hai, anayeniita.

“Nenda wifi,” akaniambia. “Nenda, anakungoja.”

Nikatazama mapajani pangu. Vidole vitatu vilikuwa bado vimefumba.

Nikakaa tena. “Mwambie nakuja,” nikamjibu mkunga, na nikakishika kidole kilichofuata.